Mji ulioacha ndoano

Soko la Kenya halikosi samaki. Kenya ninayoisema ni komini yetu ya hapa Lubumbashi, ile yenye uwanja wa Kibassa Maliba, siyo nchi ya Nairobi. Alfajiri katoni zinashushwa kutoka vyumba vya barafu, na kabla jua halijachoma mama wauzaji wameshaanza kuzigonga kwa panga butu ili samaki waachane. Ni tomsoni. Samaki huyu amevuliwa bahari ya Atlantiki, pwani ya Namibia, akagandishwa, akapakiwa kwenye lori, akavuka Zambia na kupita mpaka wa Kasumbalesa kabla ya kufika kwenye sufuria yangu. Ametembea kuliko watu wengi wa mtaa wetu.

Juzi nilimwuliza mama mmoja niliyemzoea kama ana samaki wa mto Lufira. Alicheka. "Mwalimu, ya Lufira njo ya makuta mingi, na bantu banaiogopa," akaniambia, huku akiendelea kugonga katoni yake.

Bei na woga, basi. Kuna jambo la tatu ambalo hakulitaja kwa sababu kwake si habari: hakuna tena mtu wa mtaani kwetu anayekwenda kuwavua. Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Kenya. Nilipofika kwenye somo la mito niliwauliza wanafunzi nani kati yao amewahi kumtoa samaki majini kwa mkono wake mwenyewe. Mikono iliyoinuka ilikuwa michache, na aliyeinua bila kusitasita alikuwa kijana aliyehamia kutoka Kasenga, kando ya mto Luapula. Nikauliza juu ya kuwinda. Wakacheka, wakidhani nataniana nao.

Wako watakaosema ni heri. Watu wa mji wakiacha kuvua na kuwinda, si mito na pori vitapumzika? Nimelisikia hilo kwa watu waliosoma kuliko mimi. Mimi naona kinyume chake, na anayeumia kwanza ni mto wenyewe.

Baba yangu alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali. Jumamosi alasiri wanaume wa kambi walifunga matete kwenye baiskeli, wakachukua kopo la nyungunyungu na mkate, wakashuka mto Kafubu. Hakuna aliyekuwa mvuvi kwa kazi. Mgao wa unga na samaki ulitoka kampuni, kwa hiyo njaa haikuwa sababu. Walivua kwa sababu ni raha, na kwa sababu mwanamume aliyerudi na samaki wanne aina ya pale kwenye kamba alisalimiwa vizuri zaidi njiani. Lakini waliyajua maji yale. Baba aliweza kukwambia maji yamebadilika rangi tangu wiki gani, kambare wamehama upande upi, na povu lile jeupe kwenye kona ya chini limeanza lini. Jumatatu habari hizo zilifika kiwandani, maana waliokuwa wanavua ndio hao hao waliokuwa wanayeyusha shaba. Mhandisi aliulizwa maswali na watu wake mwenyewe.

Kwa upande wa mama, nkambo, yaani bibi yangu wa Luapula, alinionyesha uvuvi wa aina nyingine. Mwisho wa kiangazi, mto ukirudi nyuma, madimbwi yanabaki kwenye dembo, yaani bonde linalofurika, na samaki wamenaswa humo. Wanawake walijenga ukingo wa matope na manyasi kukata dimbwi vipande viwili. Kisha wakajipanga, wakachota maji kwa vibuyu na masufuria, wakiyatupa upande wa pili, hadi kipande kile kikabaki tope linalotikisika. Hapo ndipo watoto tuliingia. Kambare anateleza, na miba yake ya ubavuni inachoma. Unatakiwa umshike nyuma ya kichwa, vidole mbali na miba, usibane sana. Nkambo alichungulia kila kikapu. Wadogo aliwarudisha kwenye kipande chenye maji bila kusema neno, na ukimficha mmoja aliona. Kipande cha pili hakikuguswa mwaka ule. Hakuna sheria iliyoandikwa popote, ila hakuna mwanamke aliyethubutu kukata ukingo ule usiku.

Nini kiliwatoa watu majini? Vijana wanasema ni simu na mpira, na kweli Mazembe ikicheza hakuna mtu anayeangalia mto. Lakini mpira tulikuwa nao enzi za baba pia. Yapo mengine mazito zaidi.

La kwanza ni kobalti. Sheria ya madini ya 2002 iliruhusu uchimbaji mdogo. Mwaka 2003 Gécamines ikawaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na ukaitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba wa kambi aliyekuwa na Jumamosi hana tena Jumamosi. Mwanawe alichukua tindo, akaenda Kolwezi au Kambove kuchimba. Kijana aliyeona gunia la madini likilipwa pesa taslimu jioni ile ile hutamwambia akae kando ya maji akingoja kambare.

La pili ni maji yenyewe. Tuchukue Tshangalele. Ziwa hilo lilizaliwa 1930 Lufira ilipozibwa Mwadingusha ili migodi ipate umeme, na kwa muda mrefu lilikuwa ghala la samaki la Likasi na la kwetu. Tangu 1982 eneo la Lufira liko kwenye orodha ya UNESCO ya hifadhi za baiolojia, cheo kikubwa. Lakini juu yake kuna viwanda vya Likasi, na vijito vya Panda na Buluo vinateremsha mabaki ya viwanda hivyo hadi ziwani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima shaba na kobalti kwenye maji, mimea na samaki wa bonde hilo, wakavikuta. Mwaka 2009 Daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake wa hapa na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga: kobalti ilikuwa nyingi mno, hasa kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia. Mama wa sokoni hajasoma utafiti ule. Anajua tu kwamba wateja wake wanaogopa, na kwamba hakuna karatasi yoyote anayoweza kuwaonyesha ili wasiogope, au waogope kwa haki.

La tatu ni dogo na linaudhi. Sheria yetu ya uvuvi imekaa miongo mingi juu ya amri ya kikoloni ya tarehe 21 Aprili 1937. Ukienda leo na ndoano yako mtoni, atakuja mtu mwenye kofia na daftari la risiti, adai kodi ambayo hakuna ajuaye inakwenda wapi. Wiki inayofuata anakuja mwingine mwenye kofia tofauti. Mvuvi wa biashara anakubali, anaiingiza kwenye bei yake. Mtu wa Jumamosi anakunja uzi wake na kurudi nyumbani, na mtoto wake hajifunzi.

Hapo ndipo wenzangu wa mazingira, wale wanaosema ni heri, wanapokosea hesabu. Watu wa kawaida wameondoka majini, lakini nyavu hazijapungua. Nenda Kasenga, kilomita 200 hivi kutoka hapa, au panda hadi Ziwa Mweru: usiku taa za wavuvi wa chisense, samaki wadogo wa huko, zimejaa ziwa, na mchana utaona vyandarua vya mbu vilivyoletwa kwa ajili ya malaria vikikokotwa ufukweni, vikizoa hadi mayai. Waliobaki ni wale ambao lazima wavue ili wale, na wale wanaowakopesha nyavu na petroli. Nkambo aliyerudisha wadogo majini hayupo kati yao. Mwenye deni hamrudishi samaki majini.

Luapula imeshaliona hili zamani. Kabla ya uhuru Wagiriki waliweka maduka na viwanda vya barafu Kasenga, wakanunua samaki kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi ya Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati huo. Samaki mkuu alikuwa mpumbu, ambaye mvua zikianza hupanda mto kwa makundi kwenda kutaga. Walimvua pale pale, njiani, tumbo limejaa mayai. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 biashara ya mpumbu ilikuwa imekwisha. Mwanahistoria David Gordon ameieleza habari hiyo kirefu katika kitabu chake cha 2006 juu ya Luapula. Wazee wa huko wanaikumbuka bila kitabu.

Juu ya uwindaji nitasema kwa kifupi, kwa sababu sikuwa mwindaji na mbwa wananiogopesha. Lakini uwindaji una mizizi katika nchi hii. Waluba wanasimulia kwamba ufalme wao uliletwa na mwindaji mgeni, Mbidi Kiluwe. Msiri wa Bunkeya alijenga dola yake kwa shaba na pembe za ndovu. Na kijijini kwa mjomba, barabara ya Kasomeno, manyasi yakishaungua kijiji kizima kilitoka kuwinda ndezi na paa: wanaume na nyavu, watoto na makelele, mwenye mbwa na mgao wake, chifu na paja lake. Siku moja, mchana, kila mtu akimwona mwenzake. Leo wanatoka wanaume wawili watatu usiku, gobori mkononi na tochi kichwani, na nyama inauzwa imekaushwa kando ya barabara kwa watu wa magari. Nyaya zao zinabaki porini zikinasa hata mwenyewe akishasahau alipozitega.

Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 ilikuwa na wazo zuri ndani yake. Kuna kibali cha kuwinda cha mtu wa kijijini, na kuna kibali cha pamoja kwa ajili ya jamii. Yaani Serikali ilikubali kwamba kijiji kinaweza kuwinda mchana, kwa msimu, kwa idadi, chini ya macho ya watu wake. Waulize wanavijiji wa kando ya mbuga ya Kundelungu kama wamewahi kukiona kibali hicho. Wanachokijua ni mlinzi wa mbuga na mahakama. Wakati huo huo pori lenyewe linaondoka kwa magunia ya makala, ambayo sisi wa Kenya na Katuba tunayachoma kila jioni kupikia bukari. Huwezi kumshitaki mwindaji wa paa ukiwa umekaa juu ya jiko linalochoma miti ya paa huyo. Upemba, mbuga iliyoanzishwa 1939, ndiyo yenye punda milia wa mwisho wa nchi nzima. Najiuliza ni watu wangapi wa Lubumbashi wangelalamika punda milia hao wakitoweka. Hatujawahi kuwaona.

Nchi tunayochangia nayo jina ilipiga marufuku uwindaji 1977. Nilidhani wanyama wake wangezidi. Utafiti wa Joseph Ogutu na wenzake uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba wanyamapori kwenye nyanda za malisho za nchi hiyo walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka ule ule wa 1977. Sisemi ni marufuku iliyowaua. Watafiti walitaja ongezeko la watu na mifugo, mabadiliko ya hali ya hewa, na mengine. Nasema marufuku haikuwaokoa. Marekani nako wana wasiwasi wa aina yake: wawindaji wanapungua, walikuwa milioni 11.5 tu kwenye uchunguzi wao wa kitaifa wa 2016, na hofu ni ya fedha, kwa sababu tangu sheria ya 1937 kodi ya bunduki na risasi ndiyo inayolipia sehemu kubwa ya uhifadhi. Mwaka ule ule ambao Mbelgiji alituandikia amri ya kutuzuia, huko waliandika sheria ya kuwafanya wawindaji walipe na wawe na sauti. Sitaki bunduki za Marekani hapa. Naitaka ile hesabu: anayelipia kibali anapata haki ya kuuliza.

Na kuuliza ndiko kunakokosekana. Februari 2025 bwawa la mabaki ya mgodi lilibomoka upande wa Zambia, karibu na Kitwe, na tindikali ikaingia kwenye kijito kinachoingia mto Kafue. Samaki wafu walionekana hadi kilomita 100 chini ya mto. Kulikuwa na watu mtoni wa kuwaona, wakulima na wavuvi, na kelele zao zikafika Lusaka na nje ya Lusaka. Novemba mwaka huo huo ikawa zamu yetu: maji taka ya kiwanda kimoja cha madini yakamwagika hadi kwenye mitaa ya komini Annexe, yakapita milangoni mwa watu. Serikali ikasimamisha kazi za kiwanda. Nilijiuliza ingekuwaje kama yangeelekea mtoni moja kwa moja, kimya kimya, bila kupita mlangoni kwa mtu. Nadhani tungejua siku mama mmoja akifua nguo zikachanika.

Kuna jibu moja ninalolisikia sana, hata kwa waziri wa baadaye aliyeko darasani kwangu: tufuge. Sawa. Hapa Kipopo, nje kidogo ya mji, palikuwa na kituo cha utafiti wa kufuga samaki tangu miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Katanga ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza Afrika kujaribu kwa bidii kufuga tilapia kwenye mabwawa. Elimu hiyo haikutoka ng'ambo jana. Lakini bwawa la kufugia linakunywa mto ule ule. Ukichimba bwawa kwenye bonde lenye kobalti utakuwa na samaki wako mwenyewe, wa kwako kabisa, wenye kobalti.

Kwa hiyo ninachoomba si mradi mkubwa. Jimbo la Haut-Katanga lina chuo kikuu chenye maabara na watu wanaojua kupima. Maji na samaki wa Kafubu, Lufira, Tshangalele na ziwa lile la karibu na hoteli ya Karavia wapimwe kila msimu, na majibu yabandikwe sokoni, kwa Kiswahili, pale pale katoni zinapovunjwa. Kodi ya mtu wa ndoano iwe moja, kwa mwaka, na kadi yake iwe na jina la mto wake. Watu wa kadi hizo wawe na viti kwenye kamati inayokaa na kampuni za madini. Madai yao yasingojee waliosoma kuja na magari. Kibali cha pamoja cha uwindaji kilichoandikwa 1982 kipelekwe kwanza kwenye vijiji vinavyopakana na Kundelungu, tuone. Na Desemba, wakati wa samaki kutaga, Zambia inafunga uvuvi Luapula na Mweru hadi mwisho wa Februari. Upande wetu tufunge kwa tarehe zile zile, siyo kwa tarehe za afisa aliyeko zamu, maana samaki hawana pasipoti.

Nimeshaanza la kwangu. Muhula ujao nitawapeleka wanafunzi Kafubu na ndoano, kwa ruhusa ya wazazi. Wengi wamekubali, wengine wakitaka waje wenyewe. Baba mmoja aliyeachishwa Gécamines ameniletea matete yake ya zamani, yamepinda lakini hayajavunjika. Mama mmoja amekataa kusaini mpaka nimwambie kama watoto watakula samaki watakaowapata. Nimemjibu kwamba hilo nami naliuliza, na nimepeleka barua ofisini kuuliza nani anaweza kutupimia. Barua imepigwa muhuri wa kupokelewa. Karatasi ya huyo mama bado ninayo mezani, bila saini.